Wekeni namba ya chesesi kwenye matangazo ya magari

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi bodi. Sasa nimestaafu kwa sababu ya macho, lakini puti na rangi nimepiga miaka 31, na 14 kati ya hiyo nilikuwa Sharjah, kule Falme za Kiarabu. Ninachoandika kinahusu ukurasa wenu wa matangazo madogo na gari moja la Kimarekani.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mjomba, nimepata Mustang." Akanisomea tangazo la gazeti lenu neno kwa neno: Ford Mustang GT 5.0 ya 2016, silinda nane, nyekundu, usukani wa kushoto, mmiliki mmoja, haijawahi kugongwa, Sh75 milioni, maongezi yapo. Nikamwambia asitoe hata hela ya soda mpaka nifike. Kesho yake alfajiri nilikuwa stendi.

Siwacheki vijana wanaolipenda lile gari. Lilipozinduliwa New York, Aprili 17, 1964, bei yake ilianzia Dola 2,368, pesa ambayo karani wa kule aliweza kuipata. Ndiyo siri yake tangu siku hiyo, sura ya gari la bosi kwa bei ya mtu wa chini. Mimi mwenyewe niliposhushiwa la kwanza gereji nililizunguka mara tatu kabla ya kushika spana.

Yadini tulimkuta dalali mchangamfu. Akatuambia Mustang zote duniani ni za usukani wa kushoto. Hapana. Kuanzia toleo la 2015 kiwanda cha Flat Rock, Michigan, kimekuwa kikitengeneza na za kulia. La kushoto halina ubaya, ila linakwambia kwamba halikutengenezwa kwa ajili ya barabara za kwetu, kwa hiyo una haki ya kuuliza limepita wapi na wapi.

Akaliwasha. Likanguruma, na mpwa wangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini ekzosi ilikuwa imebadilishwa, na hata bila hivyo, Mustang ya silinda nne ya toleo lile inapitisha sauti ya injini kwenye spika za ndani ili dereva ajisikie vizuri. Kiwanda chenyewe ndicho kilichoiweka. Usiamini masikio.

Nikainama kwenye kioo cha mbele upande wa dereva. Pale chini, kwenye kona, kuna kibati chenye herufi na tarakimu 17, ndiyo namba ya chesesi. Ya gari hili ilianza 1FA6P8TH. Kwa toleo lile, alama ya nane ndiyo injini: F ni silinda nane ya lita 5.0, M ni silinda sita, H ni silinda nne yenye tabo, lita 2.3. Ya kumi ni mwaka, na hapo palikuwa na G, yaani 2016. Mwaka ulikuwa wa kweli basi. Beji ya "5.0" ubavuni niliigusa kwa kucha, ikacheza. Nguvu za farasi 435 alizokuwa anazihesabu mpwa wangu zikawa 310.

Tena nisieleweke vibaya, 310 si haba, na kwa foleni za Dar na bei ya petroli ile silinda nne ndiyo ningemshauri achukue. Lakini auziwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Nilivuta mkanda wa kiti cha abiria mpaka mwisho, mpaka ukagoma. Watu wengi huuvuta kiasi cha kujifunga tu, na anayesafisha gari naye huishia hapohapo. Kwenye lile pande la mwisho, linalokaa ndani ya rola, palikuwa na mstari wa rangi ya chai. Huo ni mstari wa maji. Boliti za kiti zilikuwa na kutu, na kwenye gari linalolala kavu boliti za ndani hazipati kutu. Nilipowasha swichi, taa ya mifuko ya hewa haikuwaka kabisa. Taa hiyo inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka, kuna mtu ameing'oa au ameiziba.

Mpwa akaiandika ile namba yote kwenye simu, akaitafuta mtandaoni. Zikaja picha za mnada wa Texas: gari lilelile, rangi ya fedha, maji yamefika vitini. Tarehe ilikuwa ya majuma machache baada ya kimbunga Harvey, kile kilichoizamisha Houston Agosti 2017.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Magari ya namna hii nimeyafufua mimi kwa mikono yangu. Yalikuwa yanatoka Marekani kwa kontena, manne ndani ya kontena moja la futi 40, yakiwa na hati inayosema wazi kwamba bima imeshayakatia tamaa. Hati ile ilikuwa inaishia kwenye droo ya tajiri. Sisi tulikuwa tunang'oa kapeti, tunafua tope, tunapiga rangi upya, beji tunanunua sokoni kwa dirhamu chache. Harufu ya ukungu haitoki kwa sabuni, kwa hiyo siku mbili kabla ya mteja kuja tulikuwa tunafukiza udi, vioo vimefungwa. Lile gari la yadini nilipofungua mlango lilinukia udi. Nilinyamaza kidogo. Mpwa akadhani nimeridhika.

Sisemi lilipita mikononi mwangu. Nilikuwa nimesharudi Tanga kabla ya kimbunga kile. Lakini kazi ile ni ya watu waliofundishwa na watu kama mimi.

Mhariri, sikuombi uwe fundi wala polisi. Naomba kitu kimoja: kila tangazo la gari lililotumika kwenye gazeti lako liwe na namba ya chesesi. Si siri ya mtu, maana imewekwa kwenye kioo ili hata mpita njia aisome. Na kama mnavyotoza matangazo kwa neno, namba ile ni neno moja. Muuzaji mkweli haitamgharimu chochote cha maana. Asiyetaka kuitoa, karani wenu wa matangazo amuulize sababu. Mnunuzi wa Songea au Kigoma, ambaye hana mjomba fundi wala nauli ya kuja kukagua, ataikagua akiwa kitandani kwake kabla ya kutuma ile "hela kidogo ya kulizuia gari". Bila namba anauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni karatasi yenu.

Nilimwambia dalali wa watu pole pole, pembeni, kwamba aandike tu ukweli: silinda nne, limetengenezwa upya baada ya kuingia maji. Wapo watakaolinunua hivyohivyo, na mimi namjua mmoja hapa Ngamiani. Akacheka, akanipa mkono, akaniita mzee wangu.

Jumamosi iliyopita nimeliona tena tangazo, ukurasa uleule. Bei imeshuka kwa Sh5 milioni. GT 5.0 ipo palepale, na mbele ya "haijawahi kugongwa" wameongeza "ndani inanukia upya".

Fundi bodi mstaafu,
Ngamiani, Tanga