Homoni ya ujana haipiti kwa kijiko

Mhariri,

Kaka yangu ana miaka 67 na anaishi Kaloleni, hatua chache kutoka kwangu. Mwezi uliopita vijana fulani walimpandisha ghorofani katikati ya jiji, wakampima kwa kimashine cha kushika mkononi, wakamwambia homoni yake ya ukuaji "imelala". Alirudi na kopo la unga la Sh7,500. Kijiko kimoja kila usiku, walimwahidi, na kitambi kitakwisha, magoti yataacha kuuma, mvi zitapungua.

Mimi nina kisukari. Huu ni mwaka wa 11 najidunga insulini asubuhi na jioni. Insulini ni homoni, tena ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama. Haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Homoni ya ukuaji, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo ni protini, kubwa kuliko insulini. Kama ingepita kwa kijiko, ningekuwa nimetupa sindano zangu zamani.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akajibu: "Hii haina homoni, inaiamsha tu." Tukageuza kopo, nikasoma maandishi madogo kwa miwani yake. Arginini na lisini, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Hivyo vimo kwenye ndengu anazopika shemeji. Ni kweli hospitali hutumia arginini kuichokoza tezi hiyo wakati wa kuipima, lakini mtu mzima huwekewa gramu 30 kwa dripu. Kijiko cha kaka kina gramu 2.

Karatasi waliyompa inajivunia utafiti wa mwaka 1990 katika jarida la New England Journal of Medicine. Utafiti huo upo. Daktari Daniel Rudman na wenzake, huko Marekani, waliwapa wanaume 12 wa zaidi ya miaka 60 homoni yenyewe kwa miezi sita. Mafuta yakapungua, misuli ikaongezeka. Lakini walidungwa sindano, Mhariri! Hakuna aliyelamba unga. Mwaka 2003 jarida hilohilo lililalamika kwamba wauzaji wanautumia vibaya. Na sindano hizo zenyewe zinaweza kuvimbisha mwili, kuumiza viungo na kupandisha sukari.

Shemeji ndiye aliyeninong'onezea jikoni kwamba vidonge vya presha viliisha wiki mbili zilizopita na kaka hakununua vingine, kwa sababu pesa zilikwenda kwenye kopo. Jumamosi nilimpeleka kupimwa. Presha ilisoma 178 kwa 104. Muuguzi alirudia mara mbili, akamwangalia, akaniangalia mimi.

Naiomba Bodi ya Dawa na Sumu ipande ngazi za majengo hayo, isiishie kwenye maduka ya dawa ya barabarani. Kaka amerudia vidonge vyake. Jana wale vijana walimpigia simu: kopo la pili lina punguzo, na wanaleta hadi mlangoni.

Mkazi wa Makadara,
Nairobi