Risala ya Kikundi cha Ufundi wa Injini kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Skuli, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Wazazi waliosikia mtaani kwamba watoto wao wanaunda ndege nyuma ya skuli, tunawaomba watulie. Tulichonacho ni meza ya chuma iliyochimbiwa sakafuni, na juu yake injini ya Suzuki ya pistoni tatu, lita moja, iliyotolewa kwenye gari iliyoliwa bodi na chumvi. Tumeifunga rafadha, yaani panga linalovuta ndege, ili tuijaribu hapo hapo mezani. Haiendi popote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutia injini ya gari kwenye ndege si mzaha. Mwaka 1929, huko Minnesota, Marekani, Bernard Pietenpol alirusha ndege aliyoijenga mwenyewe, ikivutwa na injini ya Ford Model A. Baadaye wajenzi wengi wakaipenda injini ya Volkswagen ya zamani, kwa kuwa hupozwa kwa upepo na haina rejeta. Suzuki kama yetu nazo zimeruka. Kinachowavuta ni bei: injini mpya ya ndege ndogo huuzwa makumi ya maelfu ya dola, na yetu tuliipata kwa bei ya chuma chakavu.

Kazi iko kwenye mizunguko. Ford ile ilitoa nguvu farasi 40 kwa mizunguko 2,200 tu kwa dakika, basi rafadha ikafungwa moja kwa moja kwenye kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini za leo hutoa nguvu yao karibu na mizunguko 5,500. Rafadha ya mita 1.7 ikizungushwa hivyo, ncha zake hukimbia zaidi ya mita 480 kwa sekunde, na sauti yenyewe huenda kama mita 340. Hapo utapata kelele nyingi na mvuto haba. Ndiyo maana tumefunga puli mbili na mkanda wa meno, mizunguko igawanywe kwa 2.2 na rafadha ibaki kwenye 2,500.

Lakini kila pistoni inapowaka huipiga kranki kishindo, na rafadha upande wa pili ni nzito, haitaki kuharakishwa. Mkanda na beringi ndizo zinazoumia katikati, na mtikisiko huo umevunja giaboksi za wajenzi wengi. Kwa hiyo kila tukizima injini, mmoja wetu hupitisha kitambaa cheupe chini ya mkanda kutafuta unga mweusi wa mpira. Ukionekana, siku hiyo hatuwashi tena.

Kuna na joto. Gari kutoka hapa hadi Wete hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha huendelea kudai nyingi safari nzima, na injini huzidi kupata moto. Umeme nao: injini ya ndege huwa na magneto mbili, yaani vifaa vinavyojizalishia umeme wa cheche, na plagi mbili kwa kila silinda, haitegemei betri. Yetu betri ikifa, nayo imekufa. Tumeongeza betri ya pili, ingawa kwa maoni yetu hilo bado halitoshi kumpandisha mtu angani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi kuruka. Tunajua chombo hakipai bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Tunaomba utuombee kwa wenye ndege injini ya pistoni iliyokwisha muda wake, tuifungue na kuilinganisha na yetu. La pili, na hili ndilo kubwa zaidi, fundi wa ndege mwenye leseni avuke kutoka Unguja japo mara moja kwa muhula, atukosoe. Vizibo vya masikio pia havitoshi.

Baada ya risala hii tutaiwasha injini mbele yako. Tunawaomba wote wabaki nyuma ya kamba, na asiwepo mtu ubavuni mwa rafadha, kwani ikivunjika vipande hurukia huko. Wapiga picha nao wamo.

Tunaomba kuwasilisha.