Shoga yangu, aliyebusu si Clark Kent

Shoga yangu,

Wanawake wa Mombasa twaitana hivi kwa mapenzi, ingawa wengine neno hilohilo hulifanya jiwe la kuwarushia wanaume wapendao wanaume. Humu litabaki jina lako wewe. Hao nitawaita wapenzi wa jinsia moja.

Umeuliza kama kweli Superman, yule shujaa wa vitabu vya katuni, ni mmoja wao. Aliyembusu kijana mwenziwe Jay Nakamura ni Jon Kent, aliyerithi jina la Superman, mtoto wa Clark, Superman wa awali, na Lois Lane, naye apenda wanaume na wanawake. Tafuta Superman: Son of Kal-El, toleo la 5, Novemba 2021. Babake hakubadilishwa. Robin, msaidizi wa Batman, aliyejitokeza mwaka huohuo ni Tim Drake, wa tatu kulivaa vazi lile. Dick Grayson, wa kwanza, yuko vilevile. Kwa hiyo picha ikizagaa kwenye simu, uliza nani yuko nyuma ya jina, na yuko katika dunia gani. Alan Scott, Green Lantern wa 1940, alipojitokeza mwaka 2012 ilikuwa katika Earth 2, dunia ya pembeni. Hadithi kuu ilingoja hadi 2021. Jina kubwa hutolewa kuuza kitabu, mwenye jina akafichwa nyuma ya pazia. Hilo laniudhi sana.

Kisha soma matoleo sita mfululizo ya mhusika huyo. Moja lina kurasa ishirini na kitu tu, na busu hutosha ukurasa mmoja. Huyo mpenzi ana kazi? Hugombana na mwenziwe? Huonekana pasipo busu? Shujaa Northstar alitamka kuwa apenda wanaume mwaka 1992, Alpha Flight toleo la 106, miaka mitatu baada ya kulegezwa kanuni za vitabu vya katuni za 1954 zilizolikataza jambo hili. Harusi yake ilikuja 2012.

Iceman ndiye anayeniuma. Huyu si mrithi wa jina la mtu: ni Bobby Drake mwenyewe, mmoja wa wale watano wa kwanza wa kundi la mashujaa la X-Men, 1963. Lakini katika All-New X-Men toleo la 40, mwaka 2015, ni Jean Grey, mwenziwe kundini, aliyeingia akilini mwake, akaisoma siri, akamwambia yeye ni nani. Tena huyo ni Bobby kijana aliyeletwa kutoka wakati uliopita. Bobby mtu mzima alifikiwa baadaye mwaka uo huo, Uncanny X-Men toleo la 600. Sisi watu wa pwani twaijua sitara. Siri ya mtu hungojewa aitoe mwenyewe, hata kama waijua, hata kama wampenda. Waandishi walimpa Bobby ukweli, wakamnyima kinywa.

Ndiyo maana nakwambia uanze na Batwoman, ambaye jina lake halisi ni Kate Kane. Usihangaike na toleo mojamoja. Agiza kitabu kizima, Batwoman: Elegy, kilichokusanya Detective Comics 854 hadi 860, cha Greg Rucka na mchoraji J.H. Williams III. Matoleo ya 2013 yaache kwa baadaye: wahariri waliizuia ndoa ya Kate na mpenzi wake Maggie Sawyer, na Williams na mwenziwe W. Haden Blackman wakaondoka.

Katika Elegy, Kate yuko chuo cha kijeshi cha West Point. Mkubwa wake ampa nafasi ya kukana kuwa apenda wanawake, aseme ulikuwa mzaha, abaki. Akataa kusema uongo. Apoteza nafasi yake, kisha aenda kumweleza babake, kanali, kwa kinywa chake mwenyewe. Babake asimama naye.