Kombe la kata litoe pointi kwa mahudhurio ya shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie madiwani na wengine wanaodhamini makombe ya mpira vijijini, hasa huku kwetu Dodoma, ambako mtama ukishaingia ghalani karibu kila kata inaanza ndondo yake.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Napita nyumba kwa nyumba, na ugonjwa unaoniumiza zaidi ni trakoma, ule unaoishia kwenye vikope: kope zinageukia ndani, zinakwaruza mboni kila mtu anapopepesa, na asipotibiwa anapofuka. Ugogoni tunaujua tangu enzi za bibi zetu. Unaenezwa na mikono michafu, na kitambaa kimoja kinachofutia nyuso za watoto watatu, na inzi wanaotua kwenye tongotongo. Kunawa uso kila siku na kuwa na choo bora ni sehemu kubwa ya kinga yake. Haya nimeyasema kwenye mikutano ya kijiji mpaka sauti ikakauka, na wanaonisikiliza ni akina mama na wazee. Vijana hawaji. Saa hiyo wako uwanjani.

Basi nikawafuata. Msimu uliopita niliomba muda wa mapumziko kwenye nusu fainali. Tulifunga vibuyu chirizi, yale madumu ya kunawia yanayochiriza maji kidogo kidogo, nyuma ya goli, nahodha wa timu mojawapo akanawa uso kwa sabuni watu wote wakimwona, wachezaji wenzake wakafuata, na watoto waliokuwa pembeni wakapanga foleni bila kuitwa. Ni watoto wale wale ambao asubuhi wanawakimbia mama zao wakiona kopo la maji. Mimi sikusema hata sentensi tano.

Nguvu hiyo tunayo, ila makombe yetu yanaipoteza. Mshindi anapewa mbuzi, jezi na mpira, basi. Fainali ikikaribia timu zinaleta mamluki kutoka mjini, na kijana aliyecheza mechi zote za makundi anawekwa benchi. Zawadi inaondoka na wageni. Yule kijana, ambaye kwa muda wote wa mashindano hakuulizwa na yeyote kama bado anasoma, baada ya wiki chache unasikia yuko Mtumba anabeba zege, au anasubiri abiria kwenye bodaboda ya mtu. Elimu bila ada tunayo tangu 2016, kwa hiyo ada si sababu tena. Wengi wanaacha shule taratibu, leo hayupo, kesho hayupo, mpaka jina linafutwa.

Wenzetu wa Mathare, Nairobi, walianzisha chama cha michezo cha vijana mwaka 1987 na wakaweka kanuni ambayo naipenda mno: timu ikifanya usafi mtaani inapewa pointi, na pointi hizo zinaingia kwenye msimamo wa ligi sawa na za ushindi uwanjani. Asiseme mtu kwamba huko ni kuua mpira. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United, na mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa Kenya.

Kwetu kanuni iwe ya mahudhurio. Mwalimu wa michezo tayari ana daftari la darasa. Kila Ijumaa alete taarifa ya wachezaji walio shuleni, na timu ambayo wanafunzi wake wote wamehudhuria iongezewe pointi moja. Najua makocha watauliza: na mchezaji hodari aliyekwisha kuacha? Asifukuzwe, tafadhali. Uwanja ndiyo sehemu pekee ambako bado tunampata. Timu itakayomrudisha darasani, iwe kwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, kama hakumaliza msingi, au chuo cha VETA kama anataka ufundi, ipate pointi kubwa kuliko ya ushindi. Na mamluki wakomeshwe kabisa.

Jambo la mabinti linanigusa zaidi kwa sababu mimi ni mama wa wasichana. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, na hapa kijijini tulishangilia. Lakini mechi zetu zinaanza saa kumi jioni, saa ambayo msichana wa Mvumi yuko kwenye foleni ya maji na ndoo yake. Hata akipewa jezi, atacheza saa ngapi? Mechi za wasichana zichezwe Jumamosi asubuhi, na wazazi waambiwe mapema ili siku hiyo kaka zao wachote maji. Na binti aliyejifungua asizuiwe kucheza; waraka wa Novemba 2021 ulimruhusu kurudi shuleni, sembuse uwanjani.

Waheshimiwa madiwani, fedha mnazotoa tayari zinatosha kwa haya yote, kwani daftari la mwalimu lipo na kibuyu chirizi ni dumu, kamba na kijiti. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kununua mpira wa msimu ujao, muwaite mwalimu wa michezo, makocha na mhudumu wa afya wa kata, mkae muandike kanuni hizo, na zisomwe uwanjani siku ya ufunguzi kabla refa hajapuliza kipenga.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mvumi, Chamwino, Dodoma