Ericsson hakumkimbia Nokia

Mhariri, juzi kwenye daladala jamaa kaunganisha spika yake ya Kariakoo na simu ya mwenzake, brandi tofauti kabisa, mara mziki huo. Tunaona kawaida ila umoja wa hiyo Bluetooth ulianza 1998 Ericsson walipokaa meza moja na Nokia, Intel, IBM na Toshiba, na cheki walivyochaguana, wa simu wawili tena wapinzani wakubwa, wa laptopu wawili, na Intel wa chipu. Yaani mpinzani umvute ndani mapema kabla hajaleta ya kwake! Halafu wanachama wa umoja huo wakaruhusiwa kuitumia bila kulipia leseni, ndo maana wengine wakajazana. Huku kwetu makampuni yakiitana wanaitana washkaji tu, mpinzani anasikia redioni.

Msomaji wako, Temeke