Miwani ya kusomea haidhoofishi macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie imani iliyoenea kwamba mtu akianza kuvaa miwani ya kusomea, macho huizoea na kuzidi kudhoofika. Kwa imani hiyo, mafundi cherehani na walimu wengi waliovuka miaka 40 huhangaika bure na tundu la sindano au madaftari ya wanafunzi.

Jicho lenye afya linapotulia huona vitu vya mbali. Ili lione cha karibu, msuli mdogo unaoizunguka lenzi ndani ya jicho hujikaza na kupunguza duara lake. Hapo nyuzi nyembamba zinazoishikilia lenzi hulegea, nayo lenzi, kwa kuwa hunyumbuka, hutuna katikati na kupinda mwanga zaidi hadi taswira iangukie sawasawa kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Wengi hudhani msuli huivuta lenzi, kumbe huipunguzia mvuto. Mwaka 1801 daktari Mwingereza Thomas Young alifunika uso wa jicho lake kwa maji ili kuondoa nguvu ya uso huo ya kupinda mwanga, akakuta bado anaweza kulenga vitu vya karibu. Hivyo akathibitisha kuwa kinachobadilika kimo ndani. Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kulegea kwa nyuzi mwaka 1855.

Lenzi hiyo huongezeka tabaka maisha yote na kukakamaa polepole. Mtoto wa miaka 10 huweza kusoma maandishi yaliyo chini ya sentimita 10 kutoka machoni, ilhali mtu wa miaka 45 hulazimika kuyasogeza mbali. Ukakamavu huo huendelea, avae miwani asivae. Kwa hiyo anayehitaji miwani yenye nguvu zaidi baada ya miaka michache asiilaumu ile ya kwanza.

Faida yake imepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, ongezeko la uchumaji la waliopewa miwani lilizidi la wenzao ambao hawakuwa nayo kwa takriban asilimia 22.

Naomba zahanati zetu ziwe na miwani hiyo kwa bei nafuu, na wanaokwenda kuichukua wachunguzwe macho kikamilifu, kwa sababu presha ya macho huanza katika umri huohuo bila maumivu, na miwani haiitibu.

Mwalimu mstaafu,
Tanga