Kwa mdogo wangu wa Dar: kigoga cha Bondwa hakitaishi kwenye mkuyu wako

Mdogo wangu,

Salaam nyingi kutoka Morogoro. Picha zako nimeziona na mkuyu wako nimeupenda, sikutanii. Shina limeanza kunenepa chini, mizizi ya juu imetawanyika vizuri, na ule mkono wa kushoto uliokuwa unakukera sasa umeshika mkao. Ila huo ukijani uliotandika juu ya chungu, kigoga mlichoshuka nacho kwenye mfuko siku mlipopanda Bondwa, kilele cha milima ya Uluguru, kitakufa. Ukiona kimeanza kugeuka rangi ya majani ya chai, ujue safari imeiva.

Ningeweza kukupigia simu, lakini naandika hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Wapenzi wengi wa bonsai, hii miti inayofugwa ikiwa midogo vyunguni kama mkuyu wako, wanapanda mlimani, wanabandua zulia la kijani kwenye gogo, wanaliweka sebuleni Tabata au Mbezi, kisha likikauka wanalaumu jua. Jua limo, ila si lote.

Kigoga hakina mizizi ya kunywea maji. Vile vinyuzi unavyoviona kwa chini ni vya kujishikiza tu. Mishipa ya kupandisha maji kama ya mti nayo, kwa vigoga vilivyo vingi, ni kama haipo. Maji yanaingia kupitia majani yenyewe, na kwa aina nyingi jani ni tabaka moja tu la seli. Kwa hiyo kigoga kina unyevu wa hewa iliyokizunguka: hewa ikiwa mbichi kinakunywa, hewa ikikauka na chenyewe kinakauka. Unapomwagilia asubuhi ukatoka kwenda kazini, mkuyu umeshakunywa na una akiba udongoni. Kigoga kimelowa kwa muda mfupi tu, kisha upepo wa baraza ukakichukulia kila kitu.

Tena kuna jambo la usiku ambalo watu hawalifikirii. Mchana mmea unajitengenezea chakula, usiku unakitumia. Kule juu usiku ni baridi, kwa hiyo matumizi ni madogo. Dar usiku wa Januari joto halishuki, na kigoga kilicholowa kwenye joto hilo kinatumia kingi kuliko kilichotengeneza mchana. Ndiyo maana hata kwenye misitu ya tambarare yenye mvua za kutosha vigoga ni haba, lakini ukipanda mlima vinaanza kuvisha kila tawi. Unaweza kukipulizia maji cha Bondwa kila saa, ukakifunika na neti, na bado kikafa kikiwa kimelowa chepechepe.

Sasa nikuambie kilikuwa kinafanya kazi gani kule ulikokitoa.

Miaka ya 1970 kulikuwa na mtaalamu wa vigoga kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyefundisha hapa Morogoro na kuzunguka sana Uluguru. Alipima mzigo wa mimea inayoota juu ya miti mingine: vigoga na jamaa zake, kangaga, okidi, pamoja na mboji iliyojikusanya matawini. Kwenye msitu wa chini kidogo alipata tani 2 hivi kwa hekta, ikiwa imekaushwa. Kwenye msitu wa kilele, ule wa miti mifupi iliyopinda ambako ukungu hautoki, alipata tani 14 kwa hekta. Na mzigo huo, mvua moja ikinyesha, unaweza kushika hadi lita 50,000 kwenye hekta moja. Wewe unayenunua maji ya boza la lita 10,000, hesabu: maboza matano yamening'inia matawini, yanadondoka polepole siku zinazofuata, hayaporomoki na udongo. Na hapo sijataja ukungu, ambao vigoga vinaudaka hata siku isiyo na mvua.

Maji hayo yanateremkia mito inayoulisha Ruvu, na Ruvu ndiyo inayofungulia mabomba mengi ya jijini kwenu. Kwa hiyo ulibandua kipande cha tangi lako mwenyewe ukaenda kukiweka kama pambo. Mfuko mmoja hauna athari, najua utasema hivyo, na ni kweli kwa mfuko mmoja. Lakini kile kipande unene wa kiganja hakikuota mwaka jana, na mlikuwa kundi zima. Pia ule ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia. Kutoka na mimea bila kibali hairuhusiwi, hata kama aliyewaongoza alitazama pembeni.

Haya, nimemaliza kugomba. Kigoga cha mkuyu wako kiko karibu kuliko unavyodhani.

Toka nje uangalie chini ya bomba la AC, pale maji yanapodondokea ukutani. Angalia kona ya karo, kivuli cha tangi, viungo vya matofali ya njia, ukingo wa mfereji usiopigwa na jua la saa nane. Utaona vijizulia vifupi, vingine vina mng'ao wa fedha vikikauka. Hicho chenye mng'ao kwa kitaalamu kinaitwa Bryum argenteum, na kinapatikana mabara yote, hata Antaktika. Kinaota kwenye zege, kinakanyagwa, kinakauka kikawa vumbi, mvua ikirudi kinafufuka. Kimezoea joto, kimezoea moshi wa bodaboda, na ni kifupi, kwa hiyo kwenye chungu kidogo kinaufanya mkuyu wa sentimita thelathini uonekane mti mzima uliosimama uwanjani. Kigoga kirefu cha msituni kinafanya kinyume: kinaufanya mti wako uonekane mche.

Huko kufufuka usikuchukulie kama hadithi. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walieleza jinsi walivyochukua kigoga kilichoganda kwenye barafu ya kisiwa cha Signy, karibu na Antaktika, kwa zaidi ya miaka 1,500, wakakipa mwanga na joto la kiasi, kikachipua. Si kila kigoga kinaweza hayo. Ila kwa vigoga vinavyoishi ukutani, kukauka ni sehemu ya maisha ya kila wiki.

Namna ya kukipanda. Kwangua kwa kisu butu kikiwa kikavu, chukua vipande vichache hapa na pale, usisafishe ukuta mzima, maana kilichobaki ndicho kitakachorudisha mbegu yako ya kesho (naita mbegu kwa mazoea tu, hakina mbegu wala ua, kina vumbi laini la uzazi kwenye vile vikofia vidogo). Kianike kivulini juu ya gazeti siku chache. Kisha kifikiche kwa mikono na ukipitishe kwenye chekecheke la unga ili changarawe na mizizi ya magugu ibaki juu. Kinachoshuka ni vumbi la kijani kibichi, na karibu kila kipande cha jani au kishina kilichomo kinaweza kuwa kigoga kipya.

Juu ya udongo wa chungu weka tabaka jembamba la kitu laini kinachoshika unyevu, kwa sababu mchanganyiko wa bonsai una kokoto na kigoga hakipendi kuning'inia kwenye mianya. Nyuzi za nazi zilizosagwa zinafaa na kwenu Dar zimejaa. Lowesha kwanza, nyunyiza vumbi lako, bonyeza kwa kiganja, pulizia maji kwa chupa asubuhi na jioni. Weka kwenye kivuli chepesi, mbali na upepo mkali. Mwezi mmoja na nusu hadi miwili utaanza kuona rangi. Ukianza masika yanapoingia, nusu ya kazi mvua itakufanyia. Kuna wanaosaga kigoga na maziwa mgando au mtindi kwenye blenda na kupaka. Achana nao; utavuna ukungu na nzi.

Maji ndiyo yatakayokuangusha. Kisima cha hapo kwenu kina chumvi, na chumvi haina pa kwenda: maji yanaruka hewani, yenyewe inabaki juu ya majani yale ya tabaka moja la seli, ncha zinaungua. Kinga maji ya mvua. Kiangazi tega ndoo chini ya AC. Yale yametoka hewani, hayana chumvi ya kisima. Mbolea nayo usiinyunyize juu ya kigoga. Iweke kwenye vifuko vya majani ya chai vilivyotumika na uvipange pembeni mwa chungu, madoa ya njano utayaepuka.

Kikishatanda, hapo ndipo uwe macho zaidi, kwa ajili ya mti na si kwa ajili yake. Zulia likifunika udongo wote hutaona tena udongo. Juu panaweza kuwa kijani na mbichi kwa maji uliyopulizia, huku chini mizizi inakauka. Au kigoga kikikauka sana kinageuka paa, maji unayomwaga yanateleza pembeni hayaingii. Wengi wameua miti mizuri hivi, huku kila mgeni akisifu. Acha kipande cha udongo wazi, choma kijiti cha mshikaki hadi chini, kichomoe ukione kama kimelowa. Pia jizoeshe kuinua chungu. Uzito hausemi uongo. Na shina lisivikwe. Kigoga kikianza kupanda kwenye gome na mizizi ya juu, kisugue kwa mswaki mkuukuu, kwa sababu unyevu wa muda wote unaozesha gome na kuficha kile ulichokihangaikia miaka.

Wajapani unaowatazama kwenye video wanalijua hili. Maonyesho yao makubwa ya bonsai, Kokufu-ten, yanayofanyika Tokyo tangu 1934, yana vyungu vyenye vigoga vilivyopangwa kwa kibano, kipande baada ya kipande, hadi huoni kiungo. Lakini wafugaji wengi wanakitandika kwa ajili ya maonyesho, kisha wanakitoa ili mti upumue na wao waone udongo. Wewe umeona picha ya siku ya harusi ukadhani ndivyo wanavyovaa jikoni.

Ukitaka kuona kigoga kikiwa mwenye nyumba na si mgeni, tafuta picha za hekalu la Saihō-ji huko Kyoto. Bustani yake ilitengenezwa na mtawa Musō Soseki mwaka 1339, na yeye hakupanda zulia lolote. Karne zilipita, mahali pakakosa matunzo, kivuli na unyevu wa bondeni vikabaki, na vigoga vikaingia vyenyewe. Leo zipo aina kama 120, na tangu 1977 huingii bila kuomba nafasi mapema, kwa sababu nyayo za watalii zilikuwa zinavimaliza. Watunzaji hawana siri kubwa: wanafagia majani yaliyodondoka na kung'oa magugu. Nadhani hilo ndilo lililonifanya nikipende kigoga kuliko hata bonsai zenyewe. Bonsai unailazimisha kwa waya na mkasi. Kigoga unakiandalia mahali, kisha unasubiri kama kitakubali.

Kwa hiki ulichonacho sasa, kiokoe kwa njia moja tu iliyobaki: kitoe kwenye chungu, kiweke kwenye bakuli la kioo lenye mfuniko, dirishani pasipo na jua la moja kwa moja, kwenye chumba mnachowasha AC usiku. Huenda kikadumu. Na lile waridi la jangwani la getini usilitandikie kigoga cha aina yoyote, hata ukikutana na picha nzuri namna gani. Lile linataka kokoto na kiu, ukilivika unyevu litaoza kuanzia chini na hutajua hadi lianguke.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie shemeji kuanzia leo ile ndoo ya chini ya AC asidekie nayo, ina mwenyewe.

Dada yako,
Morogoro